Boksi la dola 26

Juzi nikiwa zamu ya usiku, simu ikatetema mfukoni. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa kijana wa nyumbani aliyeko Texas. "Shikamoo kaka. Nimeokota risasi za bei chee hapa dukani, mia moja kwa dola 80. Zinafaa kwa kulungu, au ndiyo nimepigwa?" Nikamwambia anipigie picha ya ncha zake. Picha ikaja: vichwa vyote (ile sehemu inayoruka kutoka mtutuni) vimevishwa shaba mpaka kileleni, vinang'aa kama jino la dhahabu. Nikamjibu kwamba hajapigwa, ila hizo ni za kutobolea karatasi, na za mnyama nitamweleza nikitoka kazini. Maelezo yenyewe yakawa marefu, na kwa kuwa yeye si wa kwanza kuniuliza, nimeona niyaweke hapa.

Kwa wageni: mimi ni fundi wa kukereza chuma kiwandani, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Kazi yangu kutwa ni kukata na kupima. Kipande kikizidi hata kwa unene wa unywele, kinakwenda kwenye pipa. Nasema hili mapema msije mkanishangaa huko mbele nikianza kupima vitu ambavyo mwindaji mwenye akili timamu hapimi. Mawindo ni mara moja kwa mwaka, Novemba, siku nne tano, kulungu mmoja nikijaliwa. Na kulungu mwenyewe si yule wa kwetu mwenye madoa na mistari mgongoni. Ni mnyama wa huku, mkia mweupe kwa chini, akikimbia anauinua kama mtu anayepunga leso. Sisi Waswahili wa hapa tumeshampa jina la kulungu na limemkaa.

Nimekulia Tunduru, kwa babu mzaa mama, aliyekuwa na gobore la kibali. Mambo ya risasi rahisi na risasi ghali hakuyajua, maana za kwake alitengeneza mwenyewe. Wavuvi wa Mto Ruvuma walimletea chubwi chakavu za nyavu, vile vizito vya madini ya risasi, akaziyeyusha kwenye kopo la maziwa ya unga, akamimina kwenye vitundu alivyovichimba katika udongo wa kichuguu. Zikipoa zilitoka goroli za kijivu, akazisugua juu ya jiwe mpaka zipite mtutuni bila kukwama. Kazi ya kushika mdeki, ule ufito wa kushindilia, alikuwa ananiachia mimi. Wenzake kijijini walikuwa wakishindilia vipande vya nondo, maana nondo ni ya bure, ipo kwenye kila jengo lililoishia kwenye lenta. Babu hakutaka kuisikia. "Nondo inapita tu," alikuwa akisema. "Inaingia huku, inatokea kule, na mnyama anaondoka akafie kwenye shamba la watu."

Pamoja na kulelewa na mtu huyo, mwaka wangu wa kwanza hapa nilikwenda dukani nikanunua nondo.

Ilikuwa 2021. Nilikuwa nimemaliza darasa la usalama wa bunduki (Minnesota mtu aliyezaliwa baada ya 1979 kwa kawaida hauziwi leseni ya kuwinda na bunduki bila cheti hicho, kwa hiyo nilikaa darasani na watoto wa miaka 12, magoti yangu yakigonga meza). Nilikuwa nimenunua bunduki iliyotumika, ya .308 (jina la saizi ya risasi zake), ya kuvuta bolti, komeo la nyuma ya mtutu, kwa mkono, dola 350. Kilichobaki ni risasi, na mwaka ule risasi zilikuwa adimu kama sukari ya miaka ya themanini. Rafu tupu. Tangazo limebandikwa: mteja mmoja, maboksi mawili. Nikaona maboksi mawili ya bei nafuu yamejificha chini kabisa, nikayakumbatia, nikatoka mbio kabla mtu hajabadili mawazo.

Jirani yangu, mzee wa Kizungu, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyeahidi kunipeleka porini. Alikuja kunywa chai, akafungua boksi moja hapo jikoni, akatoa risasi moja, akaipapasa ncha kwa kidole gumba, akairudisha mahali pake taratibu. "Hizi zitabaki nyumbani," akasema. Hakuniuliza nilinunua bei gani. Sheria ya hapa haina kona: kwa mnyama mkubwa, kichwa cha risasi lazima kiwe cha ncha laini au cha aina inayopanuka. Kilichovishwa shaba chote hakiruhusiwi. Majimbo mengine yana sheria zao, na huyu kijana wangu wa Texas asome za kwake, lakini sababu ya sheria yetu ni ileile ya babu. Kichwa kilichovishwa chote kinapita mwilini bila kufunguka, kinaacha tundu jembamba. Mnyama atakufa, ndiyo, lakini baada ya saa ngapi, na umbali gani.

Ncha laini ni kitu kisicho na maajabu. Ndani kuna madini ya risasi, nje kuna koti la shaba, na mbele kabisa koti limeishia kabla ya ncha ili madini yachungulie. Kikigonga nyama, ile sehemu iliyo wazi inasukumwa nyuma, koti linapasuka, na kichwa kinachanua kama uyoga, karibu mara mbili ya upana wake wa mwanzo. Core-Lokt, risasi ya ncha laini ya kampuni ya Remington, imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1939. Hapo ndipo penye jibu la nusu ya swali la bei: teknolojia yenyewe ni ya enzi za babu zetu, mashine zake zilishajilipa zamani, kwa nini iwe ghali? Boksi la risasi 20 za ncha laini mimi nilinunua dola 26. Boksi la dola 58, lililokaa nalo rafu moja, lina kichwa chenye ncha ya plastiki, kiini kilichounganishwa na koti lake, na picha ya kulungu dume mwenye pembe ambazo sijawahi kuziona kwa macho yangu.

Sasa, mtu wa kupima akikuta tofauti ya dola 32, hawezi kulala.

Mwaka wa pili, 2022, Septemba yote nilikuwa na maboksi matatu juu ya meza ya kioo sebuleni. La kwanza la buluu, la kampuni ya Federal, ya ncha laini, greni 150 (huo ni uzito wa kichwa, kama gramu kumi), inayotengenezwa Anoka, dakika chache kwa gari kutoka kwangu. Wako pale tangu 1922. La pili lile la dola 58. La tatu la dola 22, la kiwanda ambacho jina lake nitalimeza, nalo lina ncha laini, nalo limeandikwa greni 150.

Jaribio la kwanza halina gharama. Unailaza risasi juu ya kioo na kuiviringisha kwa kidole, huku umeinamisha jicho usawa wa meza unaitazama ncha. Kichwa kikiwa kimekaa sawasawa na ganda lake, lile la kubebea baruti, ncha inakuwa imetulia. Kikiwa kimekaa upande, ncha inayumba kama gurudumu lililopinda rimu. Za dola 58, zote 20 zilitulia. Za buluu, 17 zilitulia na tatu ziliyumba kidogo, ya kuonekana na fundi tu. Za dola 22, saba zilikuwa zinacheza kiduku. Mke wangu akapita na kapu la nguo, akasimama. "Baba nanii, umeanza kucheza gololi?" Nikamwonyesha ile inayoyumba. Akatazama, akaguna, akaendelea na nguo zake.

Halafu nikazipima kwa mizani ya kupimia dhahabu niliyoagiza mtandaoni. Za ghali zilitofautiana kwa chini ya robo ya gramu kati ya nzito na nyepesi, za buluu kwa nusu gramu hivi, za dola 22 kwa karibu gramu nzima. Hapa niwe mkweli: kupima risasi nzima hakukwambii sana, kwa sababu uzito wa ganda peke yake unapanda na kushuka, na huwezi kujua kama kilichozidi ni baruti au shaba. Lakini kunakwambia kiwanda kinajali kiasi gani. Mimi ninayefanya kazi kiwandani najua gharama kubwa haiko kwenye malighafi. Iko kwenye pipa. Kadiri unavyotaka vipande vifanane, ndivyo unavyotupa vingi na kumlipa mtu wa kukaa anatazama. Mwenye boksi la dola 58 amelipia vile vilivyotupwa na macho ya mkaguzi. Mwenye boksi la dola 22 ameuziwa na vile vilivyopaswa kutupwa.

Ndipo nikapata wazo ambalo ndilo ninalotaka kijana wa Texas alisikie: ukaguzi huo naweza kuufanya mwenyewe. Si risasi elfu kumi. Ni ishirini. Nina meza, nina macho, nina Jumapili nzima.

Siku hizi nakagua hivi. Natazama fataki, ile duara ndogo katikati ya kitako cha ganda. Inatakiwa ilingane na kitako au izame kidogo tu, na nikipitisha ukucha usikwame. Iliyochomoza haiingii kwenye bunduki yangu. Natazama shingo ya ganda kama ina ufa. Nakibana kichwa kwa vidole na kujaribu kukizungusha. Kikizunguka, risasi hiyo inakwenda kwenye kopo la zisizotumika. Napitisha sumaku ya mlango wa friji. Ikinata kwenye ganda, ganda ni la chuma. Ikinata kwenye kichwa, kwenye koti lenyewe au ndani yake kuna chuma, na viwanja vingi vya shabaha havikuruhusu kuzifyatua kwao. Ncha laini iliyobonyea kidogo hainisumbui. Hubonyea zenyewe zikiwa ndani ya bunduki kwa sababu ya teke. Na naandika namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi, kwa sababu nikizipenda nitarudi siku hiyohiyo kununua maboksi mengine matatu ya namba ileile. Toleo lingine, hata la kiwanda hichohicho, linaweza kupiga pengine.

Kuhusu risasi za zamani za kijeshi zinazouzwa kwa kilo, sitasema mengi. Nyingi zimevishwa shaba zote, kwa hiyo hazihusiki na mawindo, na baadhi fataki zake huacha chumvi inayokula mtutu kwa kutu ndani ya siku chache usipousafisha kwa maji ya moto. Babu naye alikuwa akiosha gobore kwa maji yaliyochemka kila baada ya kulifyatua, na mimi nilidhani ni mwiko wa kimila.

Kwenye kiwanja cha shabaha, yadi 100, nililaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga nikapiga tano tano. Nilikuwa nimebandika sahani za karatasi za inchi nane, zile tunazogawia pilau kwenye shughuli, kwa sababu mapafu na moyo wa kulungu, ukimtazama ubavuni, ni kama ukubwa huo. Za dola 58 zilikaa ndani ya inchi moja na robo, nzuri ajabu. Za buluu ndani ya inchi mbili na nusu. Pale porini kaskazini ya ziwa la Mille Lacs ninapowinda, miti imesongamana na yadi 100 ni mbali. Mara nyingi ni 60, ni 70. Inchi mbili na nusu ndani ya sahani ya nane ni nafasi ya kutosha, na anayetetemeka ni mimi, si risasi. Nilimwonyesha jirani karatasi zote mbili. Akaichukua ya buluu, akaweka kidole katikati. "Huyu amekufa," akasema. Akaichukua ya dola 58. "Na huyu amekufa."

Za dola 22 zilianza vizuri. Mbili zikagusana. Ya tatu, ta! Sauti ya pini tu. Kimya.

Hapa nisimame kidogo, maana mkono wa mtu husukumwa na haraka. Usifungue bolti. Bunduki ibaki begani, mtutu uendelee kutazama shabaha, uhesabu mpaka 30. Mara mojamoja fataki huchelewa kuwasha baruti, na risasi inayochelewa haitangazi. Nilihesabu kwa Kiyao, kama nilivyofundishwa na babu, kwa sababu gobore lilikuwa linafanya mchezo huo kila wiki. Hakuna kitu. Nikafungua: fataki ina kidimbwi kizuri katikati, pini imefanya kazi yake, ndani hakuna kilichowaka. Kabla boksi halijaisha zikafanya hivyo nyingine mbili, na zilizowaka zilitawanyika inchi nne na nusu. Tatu kati ya 20. Sikuandika malalamiko popote wala sijasema risasi zote za bei hiyo ziko hivyo. Nimesema boksi lile. Lakini ukae juu ya mti tangu saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri, kulungu atokee, usikie ta!, halafu uanze kuhesabu mpaka 30.

Rafiki yangu mmoja Mtaita, ambaye tunamtania kwamba kwao Kenya serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 kwa kumwogopa yeye, alichukua risasi za buluu za toleo lilelile na bunduki yake, ya .308 pia. Zikamtawanyikia inchi nne. Akanitazama kama nimemuuzia simu feki. Akajaribu za Core-Lokt, bei karibu sawa, zikaingia ndani ya inchi moja na nusu. Hakuna aliyekosea. Mtutu mmoja unapenda hiki, mwingine unakataa, na hata fundi wa kukereza hawezi kukwambia kwa kuutazama tu. Ndiyo maana mtu akiniuliza "ipi nzuri?" namuuliza yeye amefyatua ngapi kwenye bunduki yake.

Jaribio la mwisho lilikuwa la madumu. Tulikwenda shambani kwa kaka yake jirani, tukapanga madumu tisa ya maziwa ya galoni, yamejaa maji, yameungana kama mabehewa, nyuma yake kuna kilima cha udongo. Ile iliyovishwa shaba yote, nondo yangu ya 2021, ilipita madumu yote tisa ikaingia kilimani. La kwanza lilivuja kama limetobolewa na msumari. Ya buluu ililipasua la kwanza vipande, la pili likaruka hewani, na kichwa tukakiokota kimelala kwenye maji ya dumu la tano. Nilikileta nyumbani mfukoni. Kimechanua kweli, kingo zimejikunja nyuma kama kofia ya uyoga, koti la shaba limeraruka mistari minne. Kwenye mizani: greni 96. Kilianza na 150. Wakati huo nilifurahia tu uyoga wangu, nikauweka dirishani jikoni. Zile greni 54 zilikokwenda sikuuliza.

Novemba ile niliwinda na za buluu. Bunduki na risasi vililala kwenye gari usiku, visiingie kwenye joto vikatoa jasho. Asubuhi ya pili, nikiwa kwenye dungu langu na koti la rangi ya machungwa (Minnesota inaruhusu hata la waridi, lakini sikufika huko), jike likatokea kwenye misonobari, yadi 70, linatembea kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Nikangoja ligeuze ubavu. Nikasema Bismillahi, nikafyatua. Likaruka, likakimbia, mkia umeshuka. Nikahesabu hatua baadaye: 45. Damu kwenye theluji ilikuwa pana, huhitaji kuinama. Nilipolifikia lilikuwa limeshakufa. Risasi ilipita kwenye mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili kwa tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Dola moja na senti thelathini.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Texas, ukiniuliza kama risasi ya bei nafuu inaua kulungu, jibu langu liko kwenye theluji hiyo. Ningeishia hapo kama si mtoto wangu mdogo.

Hapa watoto wadogo hupimwa damu kuangalia kama ina madini ya risasi, kwa sababu ya rangi za zamani za nyumba na mambo kama hayo. Binti yangu alipofikisha mwaka mmoja akapimwa. Jioni nikampigia mama Tunduru, katika kumpa habari nikasema, "leo wamempima mtoto risasi kwenye damu." Simu ikanyamaza. Halafu nikasikia, "Mungu wangu, nani kampiga?" Ilinichukua dakika tano kumtuliza. Kiswahili kimeamua kwamba madini na kile kitokacho mtutuni ni neno moja, na hadi siku ile sikuwahi kuona kwamba hilo ni onyo. Majibu ya mtoto yalikuwa salama. Lakini nilipokata simu nikaenda dirishani, nikakichukua kile kichwa cha greni 96, nikakaa nacho.

Nikatafuta habari. Mwaka 2008 North Dakota waliambiwa watupe nyama ya mawindo iliyotolewa msaada kwenye ghala za chakula baada ya kukutwa na chembe za risasi, na hapa Minnesota idara ya maliasili ikafanya jaribio lake: wakapiga mizoga ya kondoo kwa risasi za aina mbalimbali, wakaipiga picha za eksirei. Chembe zilikutwa mbali na tundu kuliko wawindaji walivyodhani, na nyingi ni ndogo mno kuhisiwa na jino. Zile zinazopanuka haraka ndizo zilizomwaga nyingi. Za shaba tupu, zisizo na risasi ndani, ziliacha kidogo sana. California ilishakwenda mbali zaidi: tangu Julai 2019 hairuhusiwi kabisa kuwinda na risasi yenye risasi. Na hapahapa, madaktari wa ndege wa Chuo Kikuu cha Minnesota kila mwaka hupokea tai waliolewa sumu baada ya kula matumbo ya kulungu tunayoyaacha porini.

Hiki ndicho kitu ambacho meza yangu ya kioo haikunionyesha. Kuyumba nakuona, fataki naikagua, mtawanyiko naupima kwa rula. Chembe ndani ya nyama ya mtoto siwezi kuikagua kwa chombo chochote nilicho nacho, na mimi ni mtu mwenye vyombo.

Basi 2023 nikafungua pochi. Boksi la vichwa vya shaba tupu, greni 150, dola 54. Kwenye madumu, kichwa kilisimama dumu la sita, kimefunguka petali nne kama ua, na mizani ikasoma 149. Bunduki yangu inazipenda vya kutosha, inchi moja na nusu. Inapiga inchi mbili juu ya zile za buluu, kwa hiyo darubini lazima niisogeze kila Oktoba ninapohama kutoka kwenye mazoezi. Ndiyo kero yake pekee. Kwa hesabu, haina uchungu: mazoezi nafanya na za buluu, kama 60 kwa mwaka, na za shaba natumia tano za kuhakikisha darubini na moja au mbili porini. Boksi moja linanifikisha karibu misimu mitatu. Mtu asiyeweza dola 54 simlaumu. Akate nyama mbali na jeraha, mbali kuliko roho inavyotaka, na awape watoto mapaja ya nyuma.

Friza letu lina droo mbili sasa. Mke wangu ameandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkanda wa karatasi: ya juu SHABA, ya chini RISASI. Ya juu ndiyo ya pilau ya Jumamosi na supu za watoto. Ya chini zimebaki pakiti nne za mwaka 2022, na kila ninaporudi zamu ya usiku nakuta ametoa moja, ameikaanga na pilipili, ameifunika sahani, ya baba peke yake.